Tuliporudisha Mimea ya Rungwe Uani Kwetu

Kama hujawahi kufika Tukuyu tunakukaribisha. Panda basi la Kyela pale Mbeya mjini. Ukifika Uyole gari litaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na kukata kulia, kisha litaanza kupanda. Baridi itakuingia polepole, na ukifika Isyonje utatamani ungechukua sweta. Kutoka hapo barabara inateremka kwa mizunguko. Kushoto kwako ni mlima Rungwe wenye urefu wa mita 2,960, ambao siku nyingi hujifunika ukungu kama bibi aliyejitanda khanga. Utayapita mashamba ya viazi, utafika Kiwira, halafu migomba itakupokea pande zote mbili, na baada ya migomba chai. Ni safari ya kama kilometa 70 tu, lakini utadhani umehamia nchi nyingine.

Jambo la kwanza utakaloliona Tukuyu ni ukijani. La pili ni mvua. Zipo sehemu za wilaya yetu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ndiyo maana mwenyeji hatoki nyumbani bila mwavuli. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano za zamani. Hupitisha maji yanayozidi na kubakiza unyevu wa kutosha, hivyo mahali pengi si tindiga na wala si pakavu. Ukichimba kidogo kwa jembe, ukachukua udongo kiganjani na kuufinya, utashikana kama tonge, na ukiugusa kwa kidole tonge lile litavunjika. Udongo wa namna hiyo ni neema. Hata fimbo ukiichomeka huenda ikachipua.

Pamoja na neema hiyo, sisi akina mama wa kanisa letu tulifika mahali maboga yakakataa kuzaa. Tunataka kuwasimulia ilivyokuwa, kwa sababu tulijifunza kwa gharama, na tusingependa mama mwingine alipe gharama ile.

USAFI ULIOPITA KIASI

Eneo la kanisa letu lilikuwa limezungukwa na uzio wa zamani wa miti na vichaka. Ulipandwa na wazee ambao wengi wao wamekwisha lala. Palikuwa na mwamba-ngoma, ule mti wa miiba wenye maua mekundu kama makaa. Palikuwa na mitugutu yenye majani machungu, vichaka vya kivumbasi, mkuyu mmoja mkubwa bondeni karibu na kijito, na magugu mengi ambayo hatukujua hata majina yake.

Kamati yetu ya akina mama ikaamua kupendezesha mahali pale. Lazima tukiri kwamba sisi wenye taaluma ya uuguzi ndio tuliokuwa mstari wa mbele. Miaka mingi kliniki tumewafundisha akina mama kufyeka majani kuizunguka nyumba, ili nyoka asipate maficho. Mafundisho hayo ni mema, na mlangoni panatakiwa kuwa peupe. Ila sisi tulivuka mpaka. Tulifyeka mpaka mwisho wa kiwanja. Uzio wa zamani ukang'olewa wote, ukabaki mkuyu peke yake kwa sababu hatukuwa na msumeno wa kuutosha. Mahali pa uzio tukapanda bogenvilia na maua mengine tuliyonunua kwenye vitalu, na upande wa juu tukaweka mstari wa mikaratusi kwa ajili ya kuni.

Watu walitusifu. Picha za arusi zilipigwa pale. Lakini bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, na zile rangi zinazotuvutia ni majani tu yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni dogo, limejificha katikati. Kwa ndege na wadudu wengi wa kwetu, uzio ule ulikuwa kama meza iliyotandikwa kitambaa kizuri bila chakula.

MABOGA YANAYOANGUKA

Nyuma ya kanisa tulikuwa na bustani ya kikundi. Tulilima maboga na mapesheni, na fedha iliyopatikana ilitumika kununua vifurushi vya kujifungulia: kanga, sabuni, pamba, glovu na wembe mpya. Tuliwapa akina mama waliofika wodi ya wazazi mikono mitupu. Bustani ile haikuwa ya mapambo. Kuna watoto walifunikwa nguo yao ya kwanza kutokana na boga.

Msimu uliofuata baada ya kufyeka, maboga yalitoa maua mengi kweli kweli, lakini matunda yalipofikia ukubwa wa kidole gumba yaligeuka njano na kuanguka. Mapesheni nayo yakatoa kidogo sana. Tukasema ni wadudu. Tukanunua dawa ya kuua wadudu, tukawa tunanyunyiza kila wiki, asubuhi mapema kabla ya kwenda kazini. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Bibi shamba alipotutembelea alituuliza swali moja: "Mama zangu, mara ya mwisho mmeona nyuki humu lini?" Tukatazamana. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Akatuonyesha jambo ambalo, pamoja na kula maboga tangu utoto, hatukuwahi kulitazama vizuri. Mboga hutoa maua ya aina mbili katika shina moja. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba, na ndani yake mna unga wa njano uitwao chavua. Ua jike linakaa juu ya kiboga kidogo. Maua yote hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla ya jua la mchana. Katika saa hizo chache lazima mdudu atoke na chavua ya dume aipeleke kwa jike, na asipokuja kile kiboga huanguka. Sisi tulikuwa tunanyunyiza sumu katika saa zile zile ambazo mgeni alitakiwa kuingia.

Tukafanya jaribio. Asubuhi tatu mfululizo tulikwenda bustanini mapema, tukachuma maua dume, tukayavua petali na kuyagusisha kwa maua jike 20, kila moja tukalifunga uzi mwekundu. Yale 16 yalishika na kukua. Majike mengi tuliyoyaacha bila uzi yaliendelea kuanguka. Tukafahamu kwamba udongo hauna kosa na mbegu haina kosa. Waliokosekana ni wale wanaobeba chavua.

USIKU ULE WODINI

Kabla hatujaamua la kufanya, lilitokea jambo ambalo hata leo tunalisimulia kwa sauti ya chini.

Dawa iliyobaki, mwenzetu mmoja aliipeleka kwake aitunze. Chupa yake ilikuwa inavuja, akaihamishia katika chupa ya soda na kuiweka jikoni nyuma ya mtungi. Mwanawe wa kitinda mimba, umri wa miaka mitatu, akaiona. Mtoto akiona chupa ya soda huona soda.

Aliletwa jioni zamu ikiwa ni yetu. Mate yalikuwa yakimtoka bila kukoma, jasho linamtiririka, misuli inarukaruka, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Anavuta pumzi kwa taabu. Daktari aliuliza amekunywa nini, na mama yake akatoa ile chupa ndani ya khanga. Tuliijua harufu yake. Ilikuwa dawa yetu, iliyonunuliwa kwa fedha ya kikundi, fedha ile ile ya kuwapokea watoto duniani.

Alivuliwa nguo, akaoshwa, akadungwa sindano za atropini moja baada ya nyingine, na tukawa tunamfyonza mate ili asipaliwe. Tulikaa naye mpaka jogoo walipowika. Mungu ni mwema, mtoto alipona, na siku ya nne alirudi nyumbani akiwa mgongoni kwa mama yake. Lakini wengine wetu hatukuweza kuitazama bustani ile kwa majuma kadhaa.

Hapa tuweke neno la kiuguzi. Dawa ya shamba isihamishwe kamwe kutoka katika chombo chake, na isikae jikoni, hata kwa usiku mmoja. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali, na ichukue chupa yenyewe pamoja na karatasi yake ili daktari ajue la kufanya.

BIBI NA UZIO WAKE

Kuna bibi mmoja mzee katika mtaa wetu ambaye uzio wake haukufyekwa kamwe. Sisi wenyewe tuliwahi kumsema. Tulisema kwake ni pori. Baada ya mambo hayo tulimwendea kwa unyenyekevu. "Mugonile, bibi," tukamwamkia, naye akatukaribisha, akatuletea ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Tulipomweleza shida yetu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mmewafukuza wenyeji," alisema, "sasa mnangoja wageni wawalimie?"

Akatuzungusha uani mwake. Mwamba-ngoma wake ulikuwa hauna jani hata moja, umejaa maua mekundu, na chozi walikuwa wakiruka kutoka tawi hadi tawi, wale ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda na rangi ya kung'aa kama shanga. Chini yake kivumbasi kilikuwa kinavuma kwa nyuki. Gogo kavu alilokataa kuligeuza kuni lilikuwa limetobolewa matundu ya mviringo safi, utadhani kwa keekee ya fundi. Nyuki mkubwa mweusi alitoka katika tundu moja akaenda moja kwa moja kwenye mpesheni wake. Ua la pesheni ni pana, na sehemu zake zimeinuka juu. Mdudu mdogo hupita chini bila kugusa panapotakiwa, lakini yule mweusi anapoingia mgongo wake husugua chavua na kuihamisha. Sisi gogo kama lile tulilichoma moto siku ya usafi.

Tulimwambia, "Ndaga fijo, bibi." Tulirudi tukiwa na vipandikizi vya miti yake vimefungwa kwa majani ya mgomba.

TULIPOKWENDA KITULO

Mwezi Februari tulifanya ziara. Tulichanga nauli, tukakodi Coaster na kurudi mpaka Isyonje, kisha tukakata kuelekea Kikondo na kupanda hadi Kitulo. Uwanda ule upo kwenye mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, sehemu kubwa ikiwa upande wa Makete. Mwaka 2005 serikali iliufanya kuwa Hifadhi ya Taifa, na sababu kubwa si simba wala tembo. Sababu ni maua. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na tulipofika tulielewa. Wakati wa mvua majani yote ya uwanda hugeuka njano, nyeupe, zambarau na nyekundu. Kuna aina nyingi za okidi za ardhini, na kuna kinifofia zinazosimama kama mienge inayowaka. Mama mmoja kati yetu alivua viatu. Alisema anaona haya kukanyaga.

Tulikumbuka jinsi Bwana wetu alivyowaambia wasikilizaji wake wayatazame maua ya shambani na ndege wa angani. Tumelisikia neno hilo likihubiriwa mara nyingi kuhusu kutosumbuka. Siku ile tuliliona pia kama agizo la kutazama, kwa maana sisi tulikuwa hatujatazama.

Mhifadhi alitueleza kwamba okidi zile zina adui. Viazi vyake vya chini ya ardhi huchimbwa na kusafirishwa hadi Zambia, ambako hupondwa pamoja na karanga na kupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja uliokufa, na okidi huchukua miaka kukua kutoka katika mbegu. Wanaochimba aghalabu si watu waovu. Wengi ni akina mama kama sisi wanaotafuta ada ya shule. Hatukuwa na la kuwahukumu, sisi tulioifyeka bustani yetu bila hata njaa ya kutusukuma.

Hatukuchuma kitu Kitulo, maana ni marufuku. Tena mmea uliozoea baridi na umande wa barafu wa Juni na Julai huenda usipende Tukuyu, iliyo chini kwa karibu mita 1,000. Somo tulilolichukua ni kwamba kila mahali pana mimea yake. Mbegu ya kwako itafute kwa jirani yako.

Njiani tulikumbushana historia. Wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe mwaka 1891. Baadaye, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, pale Kyimbila karibu kabisa na Tukuyu, alikuwapo Adolf Stolz aliyekusanya mimea ya wilaya yetu na kuipeleka Ulaya. Kundi zima la okidi ndogo zinazoota juu ya miti liliitwa Stolzia kwa heshima yake mwaka 1915. Tena ni mwaka 2003 tu ambapo watafiti walimtambua kipunji katika msitu wa mlima Rungwe, tumbili ambaye dunia ya sayansi ilikuwa haimjui, ingawa wawindaji wetu walikuwa na jina lake. Mwaka 2009 msitu huo ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia. Wageni walivuka bahari kuja kuona vitu vya uani kwetu, na sisi tulikuwa tunavichoma moto.

TULICHOPANDA

Mvua za Novemba zilipoanza tulirudi kazini. Haya ndiyo tuliyopanda, nawe unaweza kuyajaribu penye udongo wenye unyevu wa wastani.

Mwamba-ngoma. Kata tawi nene kama mkono, refu kama mita moja na nusu, liache siku chache likauke jeraha, kisha lichimbie. Huchanua wakati wa kiangazi, maua mengine yanapokuwa machache, hivyo huwa kama ghala la chozi na nyuki. Lakini mama, angalia mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi. Watoto hupenda kuzichezea na kutunga shanga, na zikitafunwa ni sumu. Tuliupanda mbali na darasa la Jumapili.

Mtugutu. Huu nao hushika kwa kipandikizi. Maua yake ni meupe, madogo na mengi sana, na nyuki huyafuata kwa kishindo.

Kivumbasi. Kinapandwa kwa mbegu au kijiti, na hupendwa na nyuki karibu mwaka mzima kikipogolewa. Wazee hukichoma kufukuza mbu. Hatuna ugomvi nao, ila chandarua kiendelee kutumika.

Leonoti. Huu ni ule mmea mrefu wa kando ya njia wenye bua la pembe nne na maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kama vitufe, kitufe juu ya kitufe. Ulikuwa mmoja wa yale tuliyoyaita magugu. Kung'uta vitufe vilivyokauka, sambaza mbegu, basi. Ua lake ni kama mrija mdogo, na mdomo wa chozi umeumbwa kana kwamba kwa ajili yake.

Dombeya. Ni mti mdogo wenye maua meupe yanayofanya asali nzuri. Unafaa mahali pasipo nafasi kwa mti mkubwa.

Mkuyu. Ule wa bondeni tuliuacha, na sasa tunaulinda. Maua ya mkuyu yamo ndani ya tunda lenyewe, na mdudu mdogo kuliko sisimizi huingia kwa tundu dogo kuyachavusha. Matunda yakiiva huja shore, ninga, na siku za bahati kulukulu mwenye kishungi cha kijani, ambaye akiruka mabawa yake yanafunua wekundu. Usiupande karibu na nyumba au choo, maana mizizi yake ina nguvu. Mahali pake ni karibu na maji.

Upande wa juu tuliongeza miche michache ya mti ambao wataalamu huuita Prunus africana. Ndege hupenda matunda yake. Gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, na kwa sababu watu wamekuwa wakilibandua mpaka mti kufa, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti tangu mwaka 1995. Mbegu zake zioteshwe zikiwa mbichi, zikikauka hazioti.

Na mikaratusi je? Hatukuing'oa yote. Tuwe wakweli, nyuki hupenda maua yake, na kuni tunazihitaji. Lakini ile iliyokuwa juu ya kijito tuliikata, maana ni mti unywao maji mengi, na akina mama wa bondeni ndio waliokuwa wakilalamika.

NENO LA MZEE WA KANISA

Si kila mtu alifurahi. Mzee mmoja wa kanisa alisimama kikaoni akauliza, "Akina mama, mnatuletea pori kanisani?" Hakuwa na nia mbaya. Aliogopa nyoka, na aliona watu wa ibada za nje watatucheka. Tulimjibu kwa vitendo. Mlangoni na kandokando ya njia tuliacha majani mafupi, upana wa hatua kumi. Kingo za uzio tulizipogoa zikanyooka. Makopo na matairi yaliyotuama maji, ambamo mbu huzaliana hasa, tuliyaondoa. Hapo tulijirekebisha hata sisi wauguzi: tulikuwa tunapambana na jani na kuliacha kopo. Bogenvilia moja tuliibakiza langoni kwa ajili ya maarusi.

Dawa ya wadudu tuliiacha. Vidukari tunavipangusa kwa maji ya sabuni, viwavi tunavitoa kwa mkono, na vingine tunawaachia ndege, kwa kuwa hata ndege wanaokula mbegu, wengi wao huwalisha makinda yao wadudu. Wenzetu wenye miparachichi mashambani hawawezi kuacha dawa moja kwa moja, nasi hatuwalazimishi. Tunawaomba wasinyunyize mti ukiwa na maua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike na siku ya pili likiwa dume, kwa hiyo bila mdudu wa kuhama kutoka mti hadi mti, chavua na jike hukutana kwa shida. Ndizi na viazi havihitaji nyuki ili vituzalie, na chai tunachuma majani. Pengine ndiyo maana sisi watu wa Rungwe tulichelewa kumkumbuka nyuki. Sasa parachichi limekuwa ada ya shule, na anayemuua nyuki anakata ada ya mwanawe.

MWAKA HADI MWAKA

Mwaka wa kwanza haukuwa na miujiza. Vipandikizi vitatu vya mwamba-ngoma vilioza kwa sababu tulivichimbia mahali maji yanaposimama. Mbuzi wa jirani walikula miche. Lakini leonoti zilichanua mapema, na asubuhi moja wakati wa mazoezi ya kwaya, mama wa sauti ya pili alinyamaza katikati ya wimbo akanyoosha kidole dirishani. Chozi wawili walikuwa wamerudi. Mwalimu wa kwaya alikasirika kidogo, kisha naye akaja dirishani.

Mwaka wa pili hatukufunga uzi mwekundu kwenye boga hata moja. Yalishika yenyewe. Hatukuvuna kama zamani, lakini vifurushi vya kujifungulia vilianza tena. Mama wa kwanza kukipokea alikuwa amefika wodini usiku wa mvua akiwa na khanga moja tu, aliyoivaa.

Mwenzetu yule wa chupa ya soda ndiye anayelinda uzio sasa. Hatukumchagua, alijitolea. Kila Jumamosi huja na panga dogo kupogoa, na mwanawe, ambaye ameanza shule, humfuata nyuma. Ameagizwa asiguse mbegu nyekundu, na yeye huwakataza watoto wenzake kwa sauti kubwa kuliko mwalimu.

Mama mpendwa, popote ulipo, huenda huna kiwanja cha kanisa. Una uzio, una ukingo wa shamba, au una debe barazani. Leo jioni mwulize mama mkwe wako, au bibi wa jirani, mimea gani ilikuwapo hapo alipoolewa, na ndege gani aliwasikia. Mwombe kipandikizi kimoja. Kisha nenda jikoni, uangalie nyuma ya mtungi.